Mama Aliyeketi Kando ya Picha Yangu

Nyinyi nyote mliofika kwenye maonyesho mmeniuliza swali lile lile, kila mtu kwa mtindo wake. Rehema aliuliza kwa adabu. Otieno aliuliza huku akicheka. Binamu yangu hakungoja hata atoke ukumbini, alinitumia ujumbe akiwa bado amesimama kwenye meza ya chai: Zainabu, yule mama aliyeketi kando ya picha yako tangu asubuhi, anayetafuna njugu na kuwakataza watu kusogea karibu, ni nani na umemtoa wapi? Nimesimulia kwa simu mpaka nimechoka, na kila mtu amepata kipande chake. Basi nawaandikia safari yote, kuanzia Kitale, na mkimaliza kusoma msiniulize tena.

Kwa wale wasiojua mambo yetu, kikundi chetu hapa Nakuru hupiga picha kwa kamera za zamani zinazotema picha hapo hapo. Inatoka karatasi ya kijivu, halafu watu na vitu vinajitokeza taratibu mbele ya macho yako. Hakuna negativu, hakuna kuchapisha tena. Kila picha ni moja tu duniani. Safari hii tulikubaliana kila mmoja aende upande ambako watu wake walitoka, arudi na picha moja, ile ile iliyotoka kwenye kamera, nakala marufuku. Atakayerudi mikono mitupu, nafasi yake ukutani itaachwa wazi na jina lake likiwa limebandikwa chini. Mwaka uliopita ukuta mtupu ulikuwa wangu, na mnakumbuka mlivyonicheka.

Nilikuwa na pakiti moja ya filamu, picha nane, na tarehe yake ilikuwa imepita zamani. Siku hizi hata hiyo iliyopitwa na wakati kuipata ni bahati. Niliondoka na furaha ya mtoto wa shule anayekwenda safari ya kwanza.

Kitale: friza ya Mama Cherop

Habari za basi sitawachosha nazo. Nilifika Kitale jioni, nikapata chumba kwa Mama Cherop, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole anayeendesha nyumba ya wageni na hoteli ndogo karibu na soko. Filamu hii haipendi joto, kwa hiyo nilikuwa nimeitia kwenye mkebe wa plastiki wa chakula na kuufunga kwa leso. Nilimpa nikamwambia ni kitu kinachoharibika upesi, naomba akiweke mahali penye ubaridi. Nilimaanisha kabati la jikoni.

Asubuhi nilimkuta akinisubiri na chai ya maziwa na mandazi.

"Mzigo yako iko sawa," akaniambia. "Nimeweka kwa friza usiku yote, chini ya matumbo. Imeshika sawasawa."

Ilikuwa imeshika kweli. Mkebe uligongana na meza kama jiwe. Mama Cherop alipoona uso wangu akadhani nalia kwa ajili ya nyama, akaniambia nisijali, nyama ikiganda haina ubaya. Nilipomweleza ni filamu ya picha akauliza kwa nini basi nilimpa kwenye mkebe wa chakula.  Nilikaa karibu na jiko lake la kuni, nimekumbatia pakiti kwapani, mpaka ikalainika, na wateja wa chai wakawa wananiangalia kwa huruma.

Picha ya kwanza nilimpiga yeye mwenyewe, mlangoni, ukungu wa asubuhi ukiwa bado umelala juu ya mabati ya soko. Nikaiweka chini ya sweta iive. Nikaitoa. Ilikuwa ya samawati yote, uso wake, ukuta, hata moshi, na michirizi myembamba imepita kutoka pembe hadi pembe, mahali ambapo barafu iliipasua dawa ya filamu. Simu yangu inapiga picha safi kuliko mimi nitakavyowahi kupiga. Lakini simu ingenipa Mama Cherop peke yake. Hii ilinipa Mama Cherop pamoja na baridi ya Kitale na usiku mzima wa friza. Nilirukaruka pale pale.

Mama Cherop aliishika kwa vidole viwili.

"Mbona niko blue hivi? Na miguu yangu iko wapi?"

Nikamweleza kwamba nilitaka uso. Akaniambia uso wake anaujua. Halafu akaenda nayo ndani, akaibandika ukutani kando ya kalenda. Nikamfuata nikimwambia kwa upole kwamba ile picha naihitaji kwa maonyesho.

"Si huyu ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Haya basi."

Nilicheka nikakubali, nikijua zimebaki saba. Sokoni nikampiga muuza parachichi, na mwanamume mmoja aliyekuwa akishona magunia ya mahindi. Picha zote mbili zilitoka na samawati na nyufa zile zile, na zote mbili wenyewe walizichukua, tena kwa shukrani nyingi, kana kwamba nilikuja kutoka Nakuru kuwaletea. Hakuna aliyefikiria hata kidogo kwamba mtu anaweza kumpiga mwenzake picha kisha aondoke nayo.

Naitiri: kuku aliyesubiri

Naitiri nilikwenda kumwona Mzee Barasa, rafiki wa marehemu baba yangu. Mwenye pikipiki aliyenipeleka ni Wafula, mtu mzima mwenye utani mwingi, anayesimama kumsalimu kila anayemjua, na huko anajua kila mtu. Shingo yangu iliuma kwa kuitikia salamu. Tulifika saa ya jua kali, tukapokelewa na mke wa mzee, Mama Nekesa.

"Kalibu sana, mtoto wetu. Kalibu kwa nyumba."

Tukaletewa chai na viazi vitamu vya kuchemsha, nikala nikashiba, nikashukuru. Mama Nekesa akanitazama kwa mshangao.

"Hiyo ni ya kungojea kuku," akasema.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana wao ni Wakristo na mimi ni Mwislamu. Nani atamchinja? Nilisema jamani viazi vinatosha kabisa. Mzee Barasa akasema haiwezekani mtoto wa rafiki yake aondoke kwake hajala kuku, watu watasema nini. Akaniuliza kama mimi mwenyewe naweza kuchinja. Nikamwambia ukweli, hata sisimizi namwonea huruma. Basi Wafula akatumwa kwenye kituo cha biashara kumleta Idi, anayesaga mahindi kwenye posho mill, Mwislamu pekee waliyekuwa na hakika atapatikana.

Idi alikuwa na foleni. Tukangoja. Kuku alikuwa amefungwa mguu kwenye mti mdogo wa kahawa uani, akinitazama, nami nikimtazama. Idi alipofika hatimaye, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu, alichinja kwa utulivu, akanawa, kisha akavuta kiti kama mtu asiye na haraka ya kurudi kazini. Tulikula ugali na mchuzi ule mpaka jua likaanza kulegea, na niwaambie wazi, sijawahi kula kuku aliyeitiwa watu hivyo.

Baada ya kula wakataka picha. Viti vikatolewa nje. Mzee akavaa koti na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa, Mama Nekesa akabadilisha nguo. Nikasogea karibu, nikataka nyuso zao na mikono yao miwili iliyokuwa kwenye goti la mzee. Ilipoiva nikaona upande mmoja umeingiwa na doa la kahawia kama mtu amemwagia chai, na kutoka kwenye doa lile macho ya mzee yanatoka maangavu kabisa. Nilijua nimepata picha yangu ya ukutani.

"Ati hii ndiyo picha?" Mama Nekesa akauliza. "Umetukata miguu yote. Watu wataona kama tumekaa ndani ya maji."

"Na viatu nimepaka rangi bure," mzee akasema. Kisha akanieleza bila hasira, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. "Picha ya mtu ni mtu mzima, mtoto wangu. Mtu bila miguu ataenda wapi? Ukimkata hapo, umemwacha njiani."

Nikawapiga nyingine, ya kusimama, miguu yote minne ikiwemo. Nikidhani sasa watanipa ile ya kwanza, nikanyoosha mkono. Mama Nekesa alikuwa ameshaitia kwenye kabati la vyombo. Iliyokatwa miguu ni ya chumba cha kulala, akasema, na nzima ni ya wageni.

Mvua ilitukuta njiani tukitoka. Pikipiki iliteleza kwenye tope, sisi tukasimama salama lakini kamera ikaruka. Kilichovunjika ni kitasa cha mlango wa mbele, ule unaofungia filamu. Sasa mlango ulikuwa unajifungukia wenyewe. Nilikaa kando ya barabara nikahisi machozi. Wafula akakata kipande cha blada, ile mipira ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, akakizungushia mlango mara mbili.

"Hii sasa haifunguki, hata upige na nyundo," akasema.

Wafula ni mtu mzuri, ila hakusema kweli.

Bungoma, kwa Shangazi

Kutoka ubaridi wa Kitale mpaka joto la Bungoma, filamu ilibadilika tabia kabisa. Shangazi Mwanaisha, dada ya baba, anaishi nyuma ya msikiti, na asubuhi nilimpiga picha jirani yake mshonaji akiwa kwenye cherehani. Picha ilitoka ya rangi ya chungwa, kila kitu kama kimepakwa mawese, na nilifurahi sana, maana ilikuwa filamu ile ile, pakiti ile ile, imeonja mji mwingine tu. Shangazi akaitazama kwa miwani na bila miwani.

"Huyu umemchoma," akasema. "Mpe mwenyewe haraka kabla hajaungua zaidi."

Mshonaji akaichukua. Iliyofuatia, ya waendesha baiskeli karibu na reli, ilitoka nyeupe tupu. Nikaitazama mpaka shingo ikauma, hakuna mtu aliyejitokeza. Ikabaki filamu moja, na maonyesho yalikuwa mwisho wa wiki. Rehema alipiga simu akauliza kama anibandikie jina. Nikamwambia abandike.

Shangazi alinisikia. Akanipakulia ugali, mrenda na omena, akangoja nile ndipo aseme. Kuna rafiki yake wa zamani Malakisi, tangu enzi alipokuwa akipeleka leso kwenye soko la huko. Anaitwa Mulongo. Niende nimsalimie, na kamera yangu.

"Ana uso," Shangazi akasema. "Na hajawahi kumwogopa mtu."

Malakisi

Mulongo nilimkuta kwenye bani, banda refu la udongo la kukaushia tumbaku, akiwafungia wake za wanawe majani mabichi kwenye fito. Mkono mmoja unashika majani, mwingine unazungusha uzi, na macho yanamtazama mgeni. Kichwani alifunga kitambaa cha kijani. Nilipotaja jina la Shangazi akacheka, akanisogezea gunia nikae, akanipa ufito wangu.

"Si una mikono? Shika hapa. Habali ya Mwanaisha? Bado anaongea mingi?"

Jina lake lilinieleza jambo, maana huko pacha wa kwanza huitwa Mukhwana na wa pili Mulongo. Nikamuuliza kama pacha mwenzake yuko karibu.

"Alienda tukiwa wasichana," akasema. Mikono haikusimama. "Homa. Kwa bani ya baba hivi ndio tulikuwa tunakaa, yeye huko ulikokaa. Yeye anashika majani, mimi nazungusha uzi. Hata picha hatukuwahi kupigwa. Wakati huo nani alikuwa na kamera? Saa ingine nasahau alikuwa anafanana namna gani, halafu nakumbuka, si niangalie kioo. Lakini kwa kioo ni mzee."

Nikaendelea kushika majani vibaya, naye akaendelea kunirekebisha.

Alipochoka tukatoka nje. Nilimwambia imebaki filamu moja, na kwamba naitaka mimi, kwa ukuta wa Nakuru. Niliona niseme mapema safari hii. Akasema tutaona. Akasimama kando ya mlango wa bani, upande wa kulia, akakanyaga jiwe bapa.

"Miguu ionekane," akaagiza.

Nikarudi nyuma mpaka miguu ikaingia. Nikabonyeza. Kamera ikalia, na wakati huo huo blada ya Wafula ikateleza, mlango wa mbele ukafunguka, na hakuna kilichotoka.  Nikaufunga ule mlango kwa kidole gumba, nikijisemea ukuta mtupu tena, mwaka wa pili, mbele ya Otieno.

"Imekataa?" Mulongo akauliza. Alikuwa amehamia kivulini, upande wa kushoto wa mlango, amevua kitambaa anajifuta jasho usoni. Nikainua kamera kuangalia kama bado inapumua, kidole kikabonyeza chenyewe. Ikalia tena. Mara hii picha ikatoka.

Tukaifunika kwa leso yangu, tukangoja. Sikuwa na tumaini nayo. Nilipoifunua, mlango mweusi wa bani ulikuwa katikati, na kila upande wa mlango alisimama mwanamke. Kulia, Mulongo na kitambaa chake, amenyooka, miguu juu ya jiwe. Kushoto, mwanamke yule yule, kichwa wazi, amefifia, na bani inaonekana kupitia bega lake. Ameinua uso anauliza jambo. Mwanga ulioingia mlango wa kamera ulipofunguka ulikuwa umekula pembe ya chini ya kushoto, na kuanzia magotini yule wa pili hakuwa na kitu, ukungu mtupu wa rangi ya maziwa. Na kwa kufifia kule, mikunjo yote ya uso wake ilikuwa imefutika.

Kamera mbovu, filamu iliyooza, friza, tope, blada. Ungeondoa kasoro moja tu kati ya hizo, picha hii isingekuwepo. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, lakini nilimwangalia Mulongo kwanza.

Alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Mama alikuwa anamfunga kitambaa asubuhi," akasema. "Tukifika shamba anatoa. Kila siku. Anachapwa, kesho anatoa tena." Akaigusa picha kwa ukucha. "Mukhwana, umetoa tena."

Nilimweleza namna ilivyotokea, mlango, picha mbili kwenye karatasi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, na bado akamwita Mukhwana. Nikatoa simu, nikamwomba nipige nakala yake abaki nayo, mimi niende na karatasi.

"Hiyo itakuwa picha ya picha," akasema.

"Mama, bila hii ukuta wangu utabaki wazi."

"Naelewa. Na mimi wangu umekuwa wazi tangu nikiwa msichana."

 Nilikuwa naitaka ile picha kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na sikuwa na neno moja la haki la kuiombea. Mulongo akaendelea kuitazama, hasa pale chini kushoto. Nikadhani sasa atalalamikia miguu, nikaanza kuomba radhi. 

"Nakuru ni mbali?" akauliza.

"Ni mbali."

Akaingia ndani. Nikasikia akiongea na mkwewe habari za kuku na ng'ombe. Akatoka amevaa viatu vya kanisani, ana mfuko, na kile kitambaa cha kijani hakikuwa kichwani; alikuwa ameifungia picha ndani yake.

Kurudi Nakuru

Tulilala kwa Shangazi, na wale wawili waliongea mpaka nikapitiwa na usingizi katikati ya kicheko chao. Kesho yake tukapanda basi. Mulongo alitaka kiti cha dirishani, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Kila tulipofika mahali alifanya jambo moja. Webuye alifungua kitambaa, akakaa hivyo kidogo, akakifunga. Eldoret vivyo hivyo. Kule juu kwenye misitu na baridi, vivyo hivyo, ameishika picha karibu na kioo cha dirisha. Nilidhani anaogopa imefutika, nikamwambia ikishaiva haifutiki. Akanijibu anajua.

Yaliyotokea ukumbini mliyaona wenyewe. Niliitundika picha, naye akavuta kiti akakaa kando yake. Otieno, wewe uliposema kwa sauti kwamba picha ni nzuri ila imeharibika hapa chini, ulimwona alivyokutazama. Uliniambia baadaye kwamba ulijiona mdogo. Sasa unajua kwa nini.

Jioni, watu walipokwisha kuondoka na Rehema akikusanya vikombe, nilikwenda kumuuliza kama amechoka, na mbona hakunituma tu na picha, ningemrudishia salama.

"Wewe uliona haina miguu," akasema.

"Niliona, mama. Ni ule mlango wa kamera."

"Huyu hajawahi pita Bungoma. Tulikuwa tunasema, tumbaku ikiuzwa tutaenda tuone Nakuru, mimi na yeye. Sasa angalia. Miguu ni mimi niko nayo."

Akasimama, akaitoa picha ukutani mwenyewe, akaenda nayo mpaka dirishani. Akaigeuza itazame nje, kwenye barabara kuu, magari yakiwa yameanza kuwasha taa.

"Hii njia inaenda wapi?"

"Nairobi," nikamwambia.

Akaifunga vizuri kwenye kitambaa chake cha kijani.

"Ni mbali?"